Paja la Mwenye Wavu

Ninyi wa darasa letu la nne mnaonisubiri kila Jumapili nje ya kanisa, mnaniuliza Mangina ilikuwaje, na mimi najibu "ilikuwa muzuri" halafu naangalia viatu vyangu: haya, shikeni daftari hili, mpeane. Kwa mdomo sitafika hata mtelemko wa Kabasha. Mnanijua. Mnakumbuka ule mtihani wa kusema Kifaransa, Padri aliponiuliza jina langu na mimi nikalisahau.

Mambo ya barua, ya pasi ya njia na ya kusimama foleni bureau ya territoire nitayaruka. Jueni hili tu. Tangu mapadri wa madarasa ya juu waondoke, darasa la tano halijafunguliwa, na baba alinipa muda mpaka msimu wa kupanda viazi. Kama sijapata kazi ya kalamu, nipande mlimani Kipese kwa baba mdogo, nilime. Viazi sivichukii. Lakini baba mdogo akishakupa jembe, kalamu hairudi. Nimeona kwa kaka zangu watatu. Mimi ni Kakule, kama kila mvulana wa nne wa kwetu, na nyumbani walikuwa wameanza kuniangalia kama jembe la nne.

Maison ya Mwewe mnaijua, lile duka refu lenye mwewe mweusi juu ya mlango, wanapouza vitu vya kuwindia. Zamani représentant wao, mjumbe wa duka, alikuwa Mzungu mnene aliyezunguka na gari lake akinywa bia na wawindaji wote. Mwezi wa uhuru aliondoka, na gari, na bia. Tangu hapo hakuna aliyekwenda kuwaona wawindaji, na wawindaji hawakuja. Gérant, mkubwa wa duka, Bwana Hubert, aliona maandishi yangu kwenye barua niliyomwandikia jirani yetu, akaniita. Alipenda mkono wangu. Hakuniuliza kama najua kusema.

Aliniambia hivi: nenda Mangina, kule kuna wawindaji wa wavu. Waonyeshe vitu, wajaribu. Wale watakaokubali kuwinda na vitu vya Mwewe peke yake waweke kidole kwenye karatasi hii. Vidole kumi, wewe ni représentant wetu, barua nitaisaini siku ileile. Tisa, asante na kwaheri. Halafu akanyoosha kidole chake mwenyewe: représentant hapokei kitu kwa mteja, hata yai. Yule wa kwanza alipokea kila kitu.

Kwa hiyo ilikuwa vidole kumi ao Kipese.

Butembo mpaka mtelemko wa Kabasha

Nilipanda kamiyo ya Papa Ramazani, Mwislamu wa Beni, anayebeba chumvi na vitambaa. Ni mtu mfupi, mwenye kofia nyeupe na sauti ya kuita ng'ombe. Mimi nilivaa kofia ya kaki ya kampuni, yenye mwewe wa shaba mbele, na nilipakata sanduku la vitu vya kuonyesha: nyavu mbili za nailoni, nyepesi kama nguo ya mtoto mchanga, kengele sita za chuma za kufunga shingoni mwa mbwa, visu viwili, na buti tatu za mpira, zote za mguu wa kushoto. Hiyo ni desturi ya duka. Buti za kuonyesha ni za mguu mmoja, ili asipatikane mtu wa kutamani kuziiba.

"Wee mutoto, unauzisha nini?" Papa Ramazani akauliza.

"Hapana kuuzisha, Papa. Niko représentant."

"Wa nani?"

"Wa Mwewe."

Alizima moto wa kamiyo ili asikie vizuri. "Mwewe ule wa kukamata kuku?"

Juu ya mizigo walikaa mama wanne waliokuwa wanakwenda Beni na maharagi. Mmoja wao, mama mnene mwenye kitambaa cha manjano, akapiga mikono: "Mufiche bakuku! Mujumbe wa mwewe njo huyu!" Mpaka Beni sikuwa na jina lingine. Na kila shimo la barabara kengele sita zilikuwa zinalia ndani ya sanduku, na kila zikilia mama yule alifanya ishara ya msalaba na kusema, "Misa inaanza."

Kwa siku nzuri, Butembo mpaka Beni ni safari ya asubuhi moja. Sisi tulifika mtelemko wa Kabasha saa sita, mvua ikashuka, na kamiyo ikaingia ubavuni mwa barabara kama mtu anayekaa kitini. Tulikaa pale siku mbili.

Nitawaambia ukweli wote. Siku ya kwanza sikula kitu, kwa sababu niliona haya kuomba. Mama wale walipika maharagi na ndizi za makemba chini ya turubai, na mimi nilisimama mbali, nikijifanya nakagua gurudumu. Nilikagua gurudumu lile mpaka likaisha. Mwisho mama wa kitambaa cha manjano akaita kwa nguvu, watu wote wasikie:

"Kijana wa mwewe! Kwenu munakulaka hewa?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Matope?"

Akanipa bonge la obundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa chumvi wa ziwa, na akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza, kama mlinzi.

Siku ya pili Papa Ramazani, baada ya kuswali kwenye mkeka kando ya barabara, akasema nimuonyeshe namna ya kufanya kazi yangu. "Mimi niko muwindaji. Fanya kama uko kwangu. Sema."

Nilitoa kengele. Nikasema, "Hii ni kengele."

Alingoja. "Donc?"

"Ni ya mbwa."

"Na mbwa anasema nini?"

Mama wote wakacheka, na Papa Ramazani akaniangalia kwa huruma, akasema ingekuwa heri kampuni ingemtuma mbwa.

Bariyeri ya Beni

Jioni ya siku ya pili watu thelathini walitusukuma tukatoka, na kesho yake asubuhi tukafika kwenye bariyeri kabla ya Beni: gogo juu ya mapipa mawili, na askari watano. Siku zile habari za uasi zilikuwa zinatoka upande wa Stanleyville, kila siku zikiwa karibu zaidi, na askari walikuwa hawacheki. Mmoja mrefu, aliyetoka mbali upande wa Équateur na aliyesema Lingala, akaona kofia yangu.

"Yo nani? Jeshi gani hii?"

Papa Ramazani akajibu badala yangu: "Chef, ni ya kampuni. Ni mwewe wa duka."

"Ye moko aloba." Alitaka niseme mwenyewe. Akafungua sanduku, akatoa visu akaviweka kando, akatoa nyavu akazinusa, akatoa kengele akaitikisa sikioni. Halafu akaona buti, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu wa kawaida. Alivua kiatu chake kilichopasuka, akavaa buti ya kushoto. Ilimkaa sawasawa. Akapiga hatua, akarudi, akatafuta sandukuni. Akatoa buti ya pili. Ya kushoto. Ya tatu. Ya kushoto.

"Ya kuume iko wapi?"

Sauti yangu ikatoka, ndogo, kama ya panya: "Inabaki Butembo, chef."

"Zote?"

"Zote, chef."

Aliketi juu ya pipa, mguu mmoja buti na mguu mmoja wazi. Wenzake wakaanza kucheka, mmoja akalala kabisa chini. Mwisho na yeye akacheka, lakini akasema karatasi zangu lazima commandant azione, na commandant alikuwa Oicha, hapana jua atarudi lini. Nikabaki Beni siku tatu.

Kwa Papa Ramazani

Nyumba yake iko nyuma ya soko, na mke wake, Mama Zaina, ana ulimi wa haraka kuliko kamiyo. Alileta birika la maji ya kunawa. Nilinawa, nikasema "asante, wasingya," nikainuka kwenda zangu, nikidhani nimeambiwa kwa heshima kwamba chakula kimekwisha. Kumbe kwao maji njo mwanzo.

"Unakwenda wapi? Sisi batu ba hapa tunanawisha mugeni ili akule, hapana ili akimbie!"

Tulikula wali na nyama ya mbuzi kwenye sinia moja, na kila nikisimamisha mkono Mama Zaina alisukuma nyama upande wangu. Sijawahi kula hivyo nyumbani, hata Pasaka. Siku ya tatu commandant akarudi, akasoma karatasi zangu zote, hata nyuma ambako hakukuandikwa kitu, akapiga muhuri. Visu alibaki navyo. Papa Ramazani akasema yeye ana mizigo ya kupanga, atarudi Butembo baada ya siku kumi. Nikiwa sokoni siku ile, atanibeba. Nisipokuwepo, hatanisubiri.

Kwa mguu mpaka Mangina

Beni mpaka Mangina nilikwenda na watu wa mafuta ya mawese, waliokuwa wanarudi na madumu matupu. Tulitumia siku mbili kwa sababu ya mvua. Njia inapita mashamba ya kahawa, halafu msitu unasogea pande zote mbili mpaka unasikia ubaridi wake kwenye masikio. Watu wa mafuta walitembea wakisema bila kupumzika, na mimi nilitembea nyuma na kengele zangu, na hakuna aliyenitaka niseme. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Katika kijiji kimoja mwanamke alinipa kikombe cha kahawa chenye chumvi, akidhani watu wa Butembo tunakunywaka hivyo. Nilikinywa chote. Akanipa cha pili.

Mangina

Mkubwa wa wawindaji anaitwa Papa Mbusa. Ni mwembamba, ana jino moja la mbele, na anasema taratibu. Nilimpa barua ya Bwana Hubert. Akaishika vizuri, akaitazama, akanirudishia nisome. Kusoma naweza. Nikasoma kwa Kifaransa halafu kwa Kiswahili, na mara hii sauti haikukatika, kwa sababu maneno hayakuwa yangu.

"Mais wavu hii iko na harufu ya duka," akasema. "Nyama itasikia. Tutaiweka juu ya moshi."

Walizifukiza nyavu siku nzima na majani mabichi. Kesho yake, asubuhi, tukaingia msituni: wanaume kumi na mmoja, wanawake watano, mbwa wanne. Walifunga wavu wa Mwewe katikati ya nyavu zao za kamba, wakanikalisha nyuma ya mti, wakaniambia nisikohoe. Mbwa walivaa kengele zetu za chuma, na hapo ikatokea aibu ya kwanza. Mbwa wamezoea kengele za mti, zenye sauti nzito. Waliposikia chuma shingoni, wawili wakaanza kuzunguka wakijitafuta, na mmoja akarudi nyumbani. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Papa Mbusa akawavua, akawarudishia za mti, akasema kengele za Mwewe ni nzuri kwa kanisa.

Lakini wavu! Mboloko wa kwanza, swala mdogo wa msituni, aliingia ndani yake akasimama kama aliyeambiwa asimame. Hakupasua hata uzi mmoja. Wa pili pia. Nyavu za kamba upande wa kushoto zilikatika, mnyama wa tatu akatoka. Niliona namna wanaume walivyoshika nailoni ile kati ya vidole, wakivuta, wakitazamana. Nilihesabu vichwa vyao: kumi na mmoja. Nikaiona barua tayari.

Tulirudi uwanjani, na Mama Katungu, shemeji yake Papa Mbusa, akapasua nyama. Kisu ni chake na hakuna anayemwambia kitu. Shingo kwa aliyechoma mkuki. Kifua kwa mwenye mbwa. Matumbo kwa wanawake waliofukuza. Halafu akakata paja la nyuma la yule mkubwa, akalifunga kwenye jani, akaja akasimama mbele yangu, akanipa kwa mikono miwili. Watu wote wakaniangalia.

Ninyi mnajua nikiangaliwa inakuwaje. Masikio yanawaka. Nikakumbuka kidole cha Bwana Hubert: hata yai. Nikasema, "Hapana, mama. Asante. Sikamate kitu."

"Hapana kamata?"

"Hapana."

Mama akaliweka jani chini, pembeni, si kwenye nyama ya mtu yeyote. Papa Mbusa akasema, "Ni vizuri," kwa sauti ya upole sana, na watu wakaanza kwenda nyumbani. Mimi nilifurahi. Nilifikiri nimeonyesha heshima, na kwamba Mzungu mnene wa zamani asingefanya hivyo.

Asubuhi nilikuta sanduku mlangoni. Nyavu zimekunjwa vizuri kuliko zilivyotoka dukani, kengele zimefutwa, buti zimeoshwa. Nilikwenda kwa Papa Mbusa na karatasi yangu; akanisalimu, akaniuliza usingizi, akasema mvua itanyesha, akaenda shambani. Wa pili alikuwa na mguu unauma. Wa tatu alisema kidole chake kina kidonda, akanionyesha kidole kizima. Mpaka saa sita nilikuwa nimepita nyumba zote. Karatasi nyeupe.

Nilikaa juu ya sanduku na nikalia kidogo. Andikeni mnachotaka pembeni ya ukurasa huu, ni hivyo.

Mama Katungu alikuwa anapita na kuni. Akazitua.

"Sasa unalia nini? Wavu yako iko ndani. Hakuna mutu ameiba."

"Mama, wavu ni mubaya?"

"Wavu ni muzuri sana."

"Basi kwa nini banakataa?"

Aliniangalia kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba isiyo na mlango. "Nani amekataa? Wewe njo umekataa. Mwenye wavu akiazima watu wavu yake, paja ni yake. Akikula, amesema: wavu yangu iko kwenu, muwinde. Akikataa, amesema: nimerudisha wavu yangu, na ile nyama mumekamata, mumeiba. Donc tumerudisha. Jana batoto hapa hawakula hii nyama. Tumewapa mbwa."

Mboloko wawili, kwa mbwa, kwa sababu ya heshima yangu.

Nikaanza kueleza, na ilitoka ovyo, Kinande na Kiswahili na Kifaransa pamoja: kwamba sikujua, kwamba kwetu mjini nyama inanunuliwa na haina mwenye wavu, kwamba nimekatazwa kupokea hata yai, na kwamba wavu si wangu, ni wa kampuni.

"Kampuni ni nani?"

"Ni... ni kampuni, mama. Ni Maison."

"Iko na mudomo?"

"Hapana."

"Basi itakula na nini?"

"Kuko Bwana Hubert. Gérant."

"Huyo iko na mudomo?"

"Iko nayo."

"Aah." Akabeba kuni zake. "Ngojea hapa. Na acha kulia, unaonekana kama mbwa wa kengele."

Alirudi na Papa Mbusa na wanaume wengine. Walisema wao kwa wao muda mrefu. Halafu Papa Mbusa akakaa karibu nami, chini, ili nisimwangalie juu. Akasema kosa la mtoto si kosa la mwenye wavu. Wataingia msituni tena. Wakipata, paja la Hubert litakaushwa juu ya moto, na mimi nitalibeba, zima, bila kukatwa, mpaka mdomoni mwake.

"Na vidole, Papa?"

"Vidole tutaweka hapa, leo, sababu umetoka mbali. Mais nyavu tutazitundika. Hazishuki mpaka tusikie kama mwenye amekula. Kama hapana kula, utatoboa hii karatasi. Unasikia? Vidole vyetu tunavirudisha."

Waliweka kumi na moja, na masizi ya chungu. Wawindaji walipata mboloko siku iliyofuata, na paja lilikaa juu ya moshi siku mbili, likawa jeusi na gumu kama mpini. Niliwaachia nyavu zote mbili, zikatundikwa ndani ya nyumba ya Papa Mbusa, juu kabisa.

Kurudi na nyama

Nilifika Beni asubuhi ileile Papa Ramazani alipokuwa anafunga turubai. Alinusa kabla hajaniona.

"Nini iko ndani ya jani? Nguruwe?"

"Hapana, Papa. Mboloko."

"Imechinjwa na nani?"

Mboloko alichomwa mkuki, wa kuchinja hakuwepo.

"Kwenye kamiyo yangu haiingie," akasema. Na kamiyo nyingine haikuwepo. Barabara ya Oicha ilikuwa imejaa watu wenye magodoro vichwani, wakikimbia uasi, na kila mtu aliyekuwa na gurudumu alikuwa anaondoka. Nikamweleza yote, kuanzia jani mpaka vidole. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsimulia mtu mzima kitu kirefu, na sikuangalia viatu vyangu. Papa Ramazani alikuna ndevu. Mwisho alichukua kamba ndefu, akalifunga paja nje, kwenye chuma cha nyuma cha kamiyo, mbali na chumvi yake. "Haijaingia," akasema. "Inatufuata tu."

Kwa hiyo paja lilitufuata mpaka kwenye bariyeri, na askari mrefu wa Équateur alikuwa pale pale. Nyama inayoning'inia nje hakuna askari asiyeiona. Walikuwa hawajala tangu jana, mmoja alituambia. Mrefu alitoa kisu kiunoni. Kilikuwa kisu cha Mwewe, kimoja cha vile vyangu viwili.

Papa Ramazani alifungua mdomo kunisaidia. Lakini mimi nilikuwa nimeshashuka.

"Chef, hapana kata."

Aligeuka. "Nani anasema?"

"Mimi. Hii si yangu, chef. Ni paja ya mwenye wavu."

Nilifungua karatasi, nikamwonyesha vidole vyeusi, kimoja kimoja, nikataja majina. Nikasema wakisikia limekatwa njiani, nyavu hazitashuka, na mimi nitalima viazi Kipese mpaka nife. Maneno yalikuwa yanatoka tu, sikujua yalikuwa yanakaa wapi miaka yote. Askari alishika kisu hewani. Halafu akauliza kwa Kiswahili kibovu, taratibu:

"Paja ya nyuma?"

"Ya nyuma, chef."

"Na shingo?"

"Ya mutu wa mukuki."

Akarudisha kisu. Akawageukia wenzake, akawaambia kwa Lingala, na Papa Ramazani akanitafsiria baadaye: kwetu pia ni hivyo, baba yangu angenipiga. Mama mmoja juu ya kamiyo akawatupia makemba, wakagawana. Lakini kofia yangu mrefu aliichukua. Alisema mwewe wa shaba atamsaidia, kwa maana amechoka kuonekana mtu wa kawaida.

Gogo liliinuliwa, tukapita, na nyuma yetu likashushwa. Tuliambiwa kamiyo ile ilikuwa ya mwisho.

Butembo tena

Bwana Hubert alikuwa dukani, mikono ya shati imekunjwa, anafunga vitu kwenye makasha. Hakuwa na haraka. Alisema pengine ataondoka, pengine hapana. Nilimpa karatasi, akahesabu kwa midomo, akasema "bien, très bien," akavuta kalamu. Ndipo nikaweka paja mezani.

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakigusa kitu kile cheusi kwa ncha ya kalamu, akacheka kwa pua.

"Sawa, Kakule. Waandikie kama nimekula. Wewe uko na mkono mzuri."

Barua yangu ilikuwa pale, imeshaandikwa, inangoja jina lake tu. Ningeweza kusema oui. Mtu mmoja tu angejua, na huyo ni mimi.

"Hapana, Bwana."

"Comment, hapana?"

"Siwezi kuandika umekula kama hujakula. Hawasomi, wataniuliza kwa mdomo. Na mimi nikisema uongo masikio yanawaka, kila mtu anaona."

Aliniangalia masikio. Nadhani yalikuwa yanawaka tayari.

"Na kama sili?"

"Natoboa karatasi. Nimewaahidi."

Nje watu walikuwa wanapita na mizigo. Bwana Hubert aliweka kalamu chini, akafungua kasha moja, akatoa kisu kipya, akasimama wima mbele ya meza na kukata upande wa mfupa. Alitafuna muda mrefu sana. Mimi nilisimama nikimtazama koo, mpaka nikaona imepita.

"Hakuna chumvi," akasema. Akakata kipande cha pili, akala. Halafu akasaini.

Barua hiyo iko nyumbani, baba ameifungia kwenye boksi la nguo za misa. Bwana Hubert hajaondoka bado. Lakini barabara ya Beni imefungwa, na mimi, représentant, nilikuwa na habari moja tu ya kupeleka na hakuna kamiyo ya kunipeleka. Wiki nzima nilifikiria nyavu mbili zimetundikwa, na watu wanakula majani ya sombe tupu chini yake kwa sababu ya ahadi. Mwisho nilikwenda sokoni kwa wale mama wanaopita njia za milimani kwa mguu, nikampa mmoja maneno mawili ampe mwingine: mwenye amekula.

Jana jibu lilifika. Mtu wa mafuta ya mawese, nisiyemjua, alisimama katikati ya soko la Butembo na dumu kichwani, akaita, "Kakule wa mwewe ni nani?" Mnajua ni Kakule wangapi waliogeuka. Nikainua mkono.

"Papa Mbusa anauliza. Alianzia wapi, upande wa mufupa ao upande wa mafuta? Alikaa ao alisimama? Na alisema nini?"

Soko lote lilikuwa linasikiliza. Nikajibu kwa nguvu, ili asikie vizuri juu ya kelele za watu wa ndizi:

"Upande wa mufupa! Alikula wima! Alisema hakuna chumvi!"

Mtu yule alifunga macho, akarudia ili asisahau njiani: "Mufupa. Wima. Hakuna chumvi." Akatikisa kichwa, ameridhika. "Basi ni kweli amekula," akasema, akapandisha dumu lake vizuri, akarudi alikotoka.